Ziwa liko mlangoni, kwa nini Mwanza nzima tunabanana kwenye barabara tatu?

#1 Mwana wa Mkolani

Wadau, salaam.

Jiji letu lina barabara kuu tatu. Ya Kenyatta inaelekea kusini kupitia Igogo, Mkuyuni, Butimba na Nyegezi hadi Buhongwa na Usagara. Ya Nyerere inaelekea mashariki kupitia Mabatini na Buzuruga hadi Igoma na Kisesa. Ya Makongoro inapita Kirumba na Pasiansi kwenda uwanja wa ndege. Zote tatu zinakutana mjini kati, kwa hiyo mtu anayeishi Pasiansi na kufanya kazi Nyegezi hana budi kushuka mjini, kuvuka kwa miguu katikati ya machinga, kupanda gari la pili na kulipa nauli ya pili.

Wakati huohuo Kirumba, mjini, Mkuyuni, Nyegezi na Luchelele ni ufukwe wa ziwa moja. Boti ikitoka Mwaloni Kirumba, pale soko la samaki, ikagusa mjini, ikagusa Mkuyuni, ikaishia Nyegezi karibu na chuo cha uvuvi, ingekuwa imewaondoa maelfu ya watu barabarani. Madai yangu ni kwamba hakuna kikwazo cha kiufundi hapo, bali wenye daladala wamelifunga soko. Anayepinga alete hoja.

#2 Mwenye Haisi Mbili

Nimefunga soko kwa kufuli gani, ndugu yangu? Wenye daladala hatuna hata umoja wa kukubaliana rangi ya viti. Mtu akileta boti kesho, sina mahali pa kumshitaki.

#3 Mzee wa Gati

Nimefanya kazi majini tangu enzi za Shirika la Reli, kabla huduma za meli hazijapewa kampuni yake, kwa hiyo naomba nimjibu mleta mada kwa utulivu.

Kwanza, ufukwe wa Mwanza una mawe, na si yale tu ambayo watalii huyapiga picha. Yako mengine chini ya maji, hatua chache kutoka nchi kavu, na boti ya abiria haiwezi kuegesha popote pale panapopendeza kwenye ramani. Pili, ziwa hili hupanda na kushuka. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi yakafunika magati na nyumba za watu kandokando, na aliyejenga gati la gharama nafuu kwa kipimo cha mwaka wa nyuma alilipoteza. Tatu, kati ya Mei na Agosti kuna upepo wa kusini mashariki ambao kwa meli kubwa ni usumbufu tu, lakini kwa boti ya watu hamsini ni sababu ya kughairi safari. Mfanyakazi anayetakiwa ofisini saa moja na nusu hawezi kuutegemea usafiri ambao asubuhi moja upo na asubuhi nyingine haupo.

Kwa hiyo kikwazo cha kiufundi kipo. Sisemi hakitatuliki.

#4 Mpita Njia wa Dar

Kumbe kijiji cha mawe nacho kina foleni? Poleni sana watani. Huku kwetu tuna mabasi ya mwendokasi tangu Mei 2016, tuna treni ya mjini tangu Oktoba 2012, na kivuko cha Magogoni hakijawahi kukosa abiria hata baada ya daraja la Kigamboni kufunguliwa mwaka huohuo wa 2016. Njooni mjifunze.

#5 Mwana wa Mkolani

@Mpita Njia wa Dar, tukija kujifunza tutaanzia foleni ya kituo cha Kimara saa kumi na mbili asubuhi. Lakini umenisaidia, kwa sababu Magogoni ndiyo hoja yangu: maji yakiwa katikati ya mji, watu hupanda chombo.

#6 Mchora Ramani

Magogoni haikusaidii, mkuu, inakupinga. Kivuko kile kina abiria kwa sababu anayekwenda Kigamboni kwa barabara lazima azunguke, na kivuko kinamshusha katikati ya mji. Ndiyo hali ya Kamanga hapa kwetu: mtu wa upande wa Sengerema anavuka ghuba na kushukia mjini kabisa, ilhali kwa barabara angezungukia Busisi, Kigongo na Usagara. Chombo cha majini hushinda pale ambapo barabara inazunguka. Kati ya Kirumba na Nyegezi barabara haizunguki, inakwenda karibu sambamba na ufukwe, kwa hiyo boti yako itashindana na gari kwenye umbali uleule, na gari linapita kila baada ya dakika chache.

Jambo la pili ni mahali watu wanapoishi. Sensa ya 2012 ilihesabu Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za jiji letu, kwa pamoja watu 706,453. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,104,521. Hao karibu laki nne walioongezeka hawakwenda kujenga ufukweni, kwani ufukweni kumejaa na kwingine ni mawe matupu. Wamejenga Buswelu, Kiseke, Kishiri, Buhongwa na Kisesa. Mtu wa Kishiri atapanda bodaboda hadi ziwani ili apande boti?

#7 Karani wa Zamani

Nyongeza kidogo kwa @Mchora Ramani: Kisesa iko wilaya ya Magu, na Usagara iko Misungwi, kwa hiyo wakazi wake hawamo katika hiyo 1,104,521 uliyoitaja. Kila asubuhi jiji linapokea watu ambao takwimu zake haziwatambui, na jioni linawarudisha. Mipango ya usafiri ikipangwa kwa kuangalia sensa ya wilaya mbili peke yake, itakuwa imekwisha kukosea kabla ya kuanza.

#8 Mchora Ramani

Ni kweli Kisesa ni Magu, na hilo linaipa hoja yangu nguvu: mji unakua kuelekea mbali na maji.

#9 Muuguzi wa Zamu

Naomba tuongelee Kisesa yenyewe kwa sababu ndiko ninakolala. Jioni gari la Kisesa linaingia mjini likiwa limekwisha kujaa. Watu wamelidaka Mabatini au hata mbele zaidi likiwa linaingia, wamekaa ndani kimya, wamelipa nauli ya kuja mjini wasikotaka kwenda, kisha wanageuza nalo na kulipa nauli ya kurudi, alimradi wapate kiti. Sisi tunaotoka kazini na kusimama kituoni kama sheria inavyotaka tunabaki kuangalia vioo vikipita. Vijana wanaingilia dirishani. Mkoba kwanza, kisha kichwa, kisha kiatu kimoja kinabaki nje na konda anakirusha ndani. Mimi nikiwa na sare nyeupe siwezi.

Halafu kuna kukatisha ruti. Kibao kinasema Kisesa, konda anaita Kisesa mpaka sauti inakauka, mkifika Igoma anawaambia gari limefika mwisho. Anayebishana anaambiwa kuna magari mengine nyuma. Unalipa tena.

Sijui kuhusu mawe ya ziwani, lakini haya hayajaletwa na upepo.

#10 Mwenye Haisi Mbili

Pole dada Muuguzi. Nieleze upande wa pili, si kwa kutetea.

Dereva wangu hana mshahara. Asubuhi anachukua gari, jioni analeta hesabu tuliyopatana, na kinachobaki baada ya mafuta ni chake na konda wake. Gari likitoka mjini saa moja usiku kwenda Kisesa limejaa, linarudi mjini tupu, na mafuta ya kurudi tupu hayatoki mfukoni mwangu, yanatoka kwenye ugali wa watoto wa dereva. Akikatisha Igoma anageuza haraka, anakuta mjini bado kuna watu, anapakia tena. Mkinifungia gari mimi kwa kosa hilo, deiwaka mwingine, dereva wa kushikishwa gari kwa siku, atalifanya kesho yake kwa gari jingine, kwa sababu hesabu iko palepale.

Nauli nayo si sisi tunaoipanga. Ilipopandishwa Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 ikawa 600, na mwanafunzi akabaki 200. Ndiyo maana makonda wanakimbia wanafunzi. Siyo ustaarabu, lakini ndiyo hesabu.

#11 Mwana wa Mkolani

Asante kwa ukweli. Lakini basi wewe mwenyewe umeonyesha kwamba tatizo ni mfumo wa hesabu. Boti ya shirika yenye nahodha wa mshahara isingekatisha safari katikati ya ziwa.

#12 Mwenye Haisi Mbili

Isingekatisha, ndiyo. Ingeacha tu kuondoka gatini mpaka ijae.

#13 Mjukuu wa Kemondo

Wote mnazunguka mbuyu. Watu wa Mwanza wanaogopa maji, na wana haki. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia kufika hapa, watu zaidi ya 800 wakafa, wengine wamezikwa Igoma katika makaburi ambayo daladala zenu hupita karibu nayo kila siku. Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kikapinduka kikiwa hatua chache kutoka gati la Ukara, na waliokufa walikuwa 228. Katika ukoo wetu ukitaja meli mbele ya bibi, anatoka nje. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo hatapanda chombo cha majini ili tu awahi ofisini, atakaa kwenye foleni na kumshukuru Mungu.

#14 Binti wa Nansio

Pole kwa msiba wa ukoo wenu, kaka. Hata hivyo sikubaliani nawe. Sisi wa Ukerewe tuna makaburi yetu pia, tena ya karibuni zaidi, na bado tunapanda meli, kwa sababu njia ya pili ni kuvuka Rugezi hadi Kisorya na kuzunguka Bunda nzima. Gati la Nansio asubuhi linajaa mananasi, kuku, wagonjwa wa rufaa na walimu. Hofu ipo, lakini hofu hupungua pale unapokuwa na jambo la lazima ng'ambo. Kamanga watu wanavuka kila siku na hakuna anayelia.

Tatizo letu ni ratiba. Meli ikifika Mwanza mchana, shughuli ya benki au hospitali haiishi siku hiyohiyo, kwa hiyo inabidi ulale. Kitanda cha gesti ni sehemu ya nauli yetu, ila hakiandikwi kwenye tiketi.

#15 Mpita Njia wa Dar

Mnalalamika nini wakati mmeletewa meli mpya mbili, ile New Victoria na ile MV Mwanza?

#16 Mzee wa Gati

Kijana, New Victoria si mpya. Ni ileile MV Victoria iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuachwa imeegeshwa miaka kadhaa, kisha ikakarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020 kwa njia ya Bukoba kupitia Kemondo. Mwaka huohuo ilirudi na MV Butiama, ya watu 200, kwa njia ya Nansio. Iliyo mpya kweli ni MV Mwanza, urefu wake mita 92.6, uwezo wake abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliyojengwa hapahapa Mwanza Kusini na kushushwa majini Februari 2023.

Hizo ni meli za kutoka mkoa hadi mkoa. Huwezi kuileta meli ya mita tisini iguse Mkuyuni kumshusha mama mwenye kikapu.

#17 Mama Dagaa

Mama mwenye kikapu ni mimi, asante kwa kunikumbuka. Nanunua Mwaloni, nauza Mkolani na Buhongwa. Konda wa Haisi akiona gunia anageuza uso kana kwamba hakukuona mkono wangu, na akikubali ananilipisha kiti cha gunia, kisha abiria wanalalamikia harufu mpaka nashuka. Bajaji nzima inakula faida yote. Boti ningeipanda hata ikichelewa, kwa sababu dagaa wangu wametoka majini na hakuna nahodha atakayewashangaa.

Lakini naomba niwaambie mnaochora njia za boti: Nyegezi ziwani hadi barabarani nani ananibebea? Kutoka majini hadi lami ni mwendo, na gunia haliji lenyewe.

#18 Mchora Ramani

Mama ameeleza kwa sentensi mbili nilichotumia aya mbili.

#19 Fundi wa Reli

Naona hakuna aliyeitaja reli. Reli ilifika Mwanza kutokea Tabora mwaka 1928, na inaanzia pale stesheni karibu na maji, inapita Mwanza Kusini na kwenda Fela. Ni njia iliyokwisha kulipiwa na mababu. Dar walichukua njia ya namna hiyohiyo, ya geji ileile, wakaweka mabehewa machache asubuhi na jioni, na wakapata treni ya mjini. Kwa nini tusiweke behewa nne kutoka Fela asubuhi? Na sasa inakuja reli ya kisasa ya Isaka–Mwanza, kilomita 341, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021. Hiyo ndiyo suluhisho la msongamano.

#20 Karani wa Zamani

Kwa heshima, reli ya kisasa haijengwi kwa ajili ya mtu wa Usagara anayekwenda sokoni. Ni kipande cha tano cha njia inayotoka Dar es Salaam, kimekusudiwa mizigo na abiria wa mbali, na treni ya aina hiyo haisimami kila baada ya kilomita mbili. Behewa zako nne kwenye reli ya zamani ni wazo zuri zaidi. Swali lake ni hili: njia ni moja, na treni ya mizigo ikiwa inakuja, abiria wako wa saa moja watasubiri wapi?

#21 Fundi wa Reli

Watasubiri kwenye njia ya kupishana stesheni, kama walivyosubiri tangu 1928. Hata daladala inasubiri. Tofauti ni kwamba kwenye treni utasubiri ukiwa umekaa.

#22 Mwanafunzi wa Malimbe

Shikamooni wakubwa. Sisi wa chuo tunakaa karibu kabisa na ziwa lakini kwenda mjini tunapanda gari la Nyegezi kama kila mtu. Nilidhani daraja la Kigongo–Busisi lingepunguza msongamano, kwa kuwa tulisoma kwamba vivuko vya TEMESA, wakala wa serikali anayeendesha vivuko, pale Kigongo na Kamanga ndivyo vilivyokuwa vinakusanya magari.

#23 Binti wa Nansio

Marhaba mdogo wangu. Kivuko cha Kamanga ni cha kampuni binafsi, si cha TEMESA. Cha TEMESA kilikuwa Kigongo–Busisi. TEMESA pia ina chombo kinachotoka Kayenze kwenda kisiwa cha Bezi, na huo ndio mfano ninaoshangaa mleta mada hakuutaja, maana uko ndani ya Manispaa ya Ilemela.

#24 Mwenye Haisi Mbili

Na daraja, lenye kilomita zake tatu na lililofunguliwa Juni 2025, limefanya lile lililotarajiwa: foleni ya Kigongo imekwisha. Zamani magari ya Geita na Sengerema yalifika kwa mafungu, kila kivuko kikishusha fungu lake. Sasa yanakuja mfululizo. Dereva wangu anasema Buhongwa jioni imekuwa nzito kuliko zamani. Sijui kama ni daraja au ni nyumba mpya za Buhongwa. Huenda ni vyote.

#25 Mchora Ramani

Ni nyumba. Gari la Geita lililokuwa likivuka kwa kivuko lilipita Buhongwa vilevile, na basi la mikoani linaishia stendi ya Nyegezi, haliingii mjini.

#26 Mwenye Haisi Mbili

Mabasi yanaishia Nyegezi, sawa. Abiria wake je, wanalala Nyegezi?

#27 Karani wa Zamani

Niongeze sababu ambayo hakuna aliyeigusa. Tuseme mtu ana mtaji na anataka boti ya @Mwana wa Mkolani ianze. Chombo na wafanyakazi wake watakaguliwa na TASAC, wakala wa serikali anayesimamia usafiri wa majini. Mahali pa kuegesha pakiwa bandarini ni mamlaka ya bandari, pakiwa mwaloni, yaani mahali pa kushushia samaki, ni halmashauri, na halmashauri ni mbili, kwani tangu 2012 Ilemela ina manispaa yake na Nyamagana imebaki na Jiji. Kirumba iko upande mmoja, Nyegezi upande mwingine. Gari la kumchukua abiria kutoka gatini hadi barabarani litahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Kila ofisi hapo ina sababu yake ya kuwepo, na sina ugomvi nazo, lakini hakuna hata moja ambayo kazi yake ni kumfikisha mtu wa Pasiansi kazini kwake Nyegezi.

#28 Mwana wa Mkolani

Nimesoma zote. Mzee anasema mawe na upepo, Mchora Ramani anasema watu hawaishi ufukweni, Mjukuu anasema hofu, Karani anasema ofisi. Bado naona kila sababu hiyo ipo pia Kamanga, yenye upepo uleule na hofu ileile, na Kamanga chombo kinajaa.

#29 Mzee wa Gati

Kamanga kinajaa kwa sababu kinabeba magari. Abiria wa miguu peke yake hawalipi dizeli ya chombo kile. Ukisimama gatini uangalie upakiaji utaona: malori kwanza katikati, magari madogo pembeni, bodaboda zinajaza nafasi, na watu wanaingia mwisho kama chumvi kwenye mboga. Boti yako ya Kirumba–Nyegezi itabeba watu peke yao. Nani atalipa dizeli?

#30 Fundi wa Reli

Ruzuku.

#31 Mpita Njia wa Dar

Ruzuku! Watani mmeanza kuota mchana.

#32 Muuguzi wa Zamu

Kabla ya boti na ruzuku, ziko barabara za kukatisha. Ya Sabasaba–Kiseke–Buswelu ipo, na kuna ile ya Buhongwa kwenda Igoma kupitia Kishiri. Magari ya kutosha yakipangwa huko, mtu wa Igoma hatalazimika kuingia mjini ili afike Buhongwa. Kwa nini magari ni machache?

#33 Mwenye Haisi Mbili

Kwa sababu leseni ya ruti hutolewa kwa anayeiomba, na anayeomba anaangalia abiria. Wa saa kumi na mbili asubuhi ninao wa kutosha. Nitafutieni wa saa tano, nipeleke gari moja Kishiri kesho.

#34 Mama Dagaa

Wa saa tano ni mimi. Konda wako ndiye hanitaki.

#35 Mwenye Haisi Mbili

Mama yangu, ukija na ndoo yenye mfuniko badala ya gunia nitaongea naye leo jioni. Nauli ya kiti kimoja.

#36 Mama Dagaa

Ndoo mbili, kiti kimoja.